Maswali ya Wasomaji: Jina la Kiumbe Linatoka Wapi, na Linafungwa Kwenye Nini?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, yaani majina ya viumbe na namna wanabiolojia wanavyoyapata, kuyapanga na wakati mwingine kuyabadilisha. Nimechagua sita na nimejibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja.

Swali: Ndugu Mwalimu, mimi ninauza dagaa kwa jumla hapa Mbagala. Mzigo mmoja hunijia kutoka Kigoma, mwingine kutoka Mwanza, na dagaa mchele ninawafuata Feri alfajiri. Mteja wangu anayepeleka mzigo nje ya nchi amenitaka nijaze "jina la kisayansi" kwenye fomu, na akasema kwamba dagaa si jina. Inawezekanaje lisiwe jina na tumelitumia tangu enzi za babu zetu?

Jibu: Dagaa ni jina, ndugu yangu, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Ila ni jina la sokoni, ambalo huwataja samaki kwa udogo wao na kwa namna wanavyovuliwa, kukaushwa na kupikwa. Fomu yako inauliza swali jingine, nalo ni samaki huyu ni ndugu wa nani.

Ukiwa na dakika chache, chukua dagaa mmoja wa Mwanza na mmoja wa Kigoma, uwaloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka walainike, kisha uwalaze kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Pitisha kidole tumboni mwa yule wa Kigoma ukianzia mkiani kuelekea kichwani, na utahisi ukwaruzo wa magamba yaliyochongoka kama meno ya msumeno mdogo. Yule wa Mwanza tumbo lake ni laini. Ikiwa magamba hayajapukutika na una lenzi ya mkono, utamwona wa Mwanza ana mstari mwembamba ubavuni, ambao mwenzake hana. Tofauti hizi ni za msingi. Dagaa wa Mwanza, *Rastrineobola argentea*, yuko katika oda moja, yaani kundi moja pana la undugu, na ningu wa Ziwa Victoria, samaki ambao hawana meno kwenye taya bali wanayo ndani ya koo. Dagaa wa Kigoma ni spishi mbili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, na hao ni wa jamii ya sardini, yaani ndugu wa samaki wa baharini waliopata makao katika maji baridi. Dagaa mchele wako wa Feri, wengi wao ni wa familia nyingine tena, ya anchovi, ambayo utaitambua kwa pua iliyochomoza mbele ya mdomo na taya lililopasuka hadi nyuma ya jicho. Kwa hiyo katika magunia yako matatu umebeba watu wa koo tatu. Na huyo huyo wa Mwanza, akivuka mpaka kuingia Kenya anaitwa omena, na akiingia Uganda anaitwa mukene.

Jina la kisayansi lina maneno mawili. La kwanza, linaloanza kwa herufi kubwa, ni la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na la pili, linaloandikwa kwa herufi ndogo, hulikamilisha ili lote kwa pamoja liitaje spishi moja tu duniani. Neno *argentea* ni la Kilatini, na maana yake ni "ya fedha", jambo ambalo kila aliyewahi kumwona dagaa akianikwa juani atalielewa. Ukikuta baada ya jina kumeandikwa (Pellegrin, 1904), hilo ni jina la aliyemtangaza samaki huyo mara ya kwanza pamoja na mwaka, na mabano yanakuarifu kwamba awali alimweka katika jenasi tofauti na ya sasa. Mzigo wa Mwanza basi uandikie jina nililokupa. Mzigo wa Kigoma uchambue kwanza, kwa sababu spishi zote mbili huchanganyika katika wavu mmoja na si haki kuandika moja ukanyamazia nyingine.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, ninasoma Ubungo. Tunakariri ngazi za uainishaji kuanzia himaya hadi spishi. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu akikutana na mnyama ambaye hayumo katika kitabu chochote, anajuaje kwamba ni mpya, na je, anaruhusiwa kumpa jina lolote analotaka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu limetoka nje ya kukariri.

Ngazi hizo, yaani himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, zinaonyesha undugu unaozidi kukaribia kadiri unavyoshuka. Angalia neno ngeli, ambalo umelikuta pia katika sarufi. Mzungumzaji wa Kiswahili huainisha kila anapofungua kinywa, kwa maana hawezi kusema "mti" bila kujua kivumishi kifuatacho kitachukua umbo gani. Mwanabiolojia naye, akishajua kwamba mnyama ni wa ngeli ya ndege, anajua mengi juu yake kabla ya kumgusa.

Kutambua ni kazi ya kuuliza maswali kwa mpangilio, na chombo chake ni ufunguo wa utambuzi, ambao kila hatua yake hutoa sifa mbili zinazopingana ili uchague moja na kusonga mbele. Jaribu na kunguru wa uwanjani kwenu. Je, kifua na kola ya shingoni ni nyeupe kabisa? Basi ni *Corvus albus*, kunguru wetu wa asili. Je, shingo na kifua ni vya kijivu? Basi ni *Corvus splendens*, kunguru wa India aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na ambaye sasa ametawala majalala ya jiji hili. Wote wawili ni wa jenasi moja, na wote tunawaita kunguru.

Mnyama mpya hujulikana pale ufunguo unapogoma. Unafuata hatua zote kwa uaminifu na mwishoni sifa hazikubaliani na yeyote. Hapo ndipo kazi kubwa inapoanza, kwa sababu inakubidi umlinganishe na sampuli zote za jamaa zake zilizohifadhiwa makumbusho, na usome kila maelezo yaliyochapishwa kuwahusu, hata yawe ya karne mbili zilizopita.

Mfano mzuri kuliko wote tunao hapa nchini. Wawindaji wa Kinyakyusa wanaoishi kando ya Mlima Rungwe walikuwa wakimjua nyani mmoja mwoga wa juu ya miti, mwenye shungi la nywele zilizosimama utosini, na wakimwita kipunji. Watafiti walimfikia mwaka 2003, na mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, likamkuta katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 makundi hayo mawili yalimtangaza kwa pamoja kwa jina *Lophocebus kipunji*. Kwa kuwa wanyama wenyewe walionekana kuwa wachache mno, hawakumuua hata mmoja. Mnyama aliyepigwa picha msituni ndiye aliyetajwa kuwa kielelezo cha spishi nzima. Baadaye dume mmoja ambaye hajakomaa alikufa katika mtego wa mkulima shambani, na mwili wake ukatoa nafasi ya kuchunguza mifupa na vinasaba. Ilidhihirika kwamba hayuko karibu na wale aliodhaniwa kuwa ndugu zake, bali yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida wanaotembea ardhini. Mwaka 2006 aliundiwa jenasi yake mwenyewe na kuitwa *Rungwecebus kipunji*, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika baada ya miaka 83. Jina la mlima wetu na jina la wawindaji wetu yamekaa pamoja katika kila makumbusho ya dunia, na kila ninapolitaja darasani natamani wanafunzi walijue kama wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira.

Sasa kuhusu ruhusa. Mtu yeyote anaweza kutoa jina, lakini kwa masharti. Ni lazima jina lichapishwe pamoja na maelezo yanayomtofautisha kiumbe huyo na wenzake, lisiwe limekwisha kutumika kwa mnyama mwingine, na litajiwe kielelezo kimoja maalumu, ambacho wanabiolojia hukiita holotaipu, pamoja na mahali kinapohifadhiwa. Ni desturi pia kwamba mtu hajipi jina lake mwenyewe. Maana ya jina ni hiari ya mtoaji: chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi aliitwa *Nectophrynoides asperginis*, neno la pili likitokana na manyunyu ya maji aliyokuwa akiishi ndani yake.

Shika hasa hilo la holotaipu. Jina halifungwi kwenye maelezo wala kwenye fikra za mtaalamu, linafungwa kwenye kielelezo hicho kimoja. Wataalamu wakibishana miaka 100 ijayo, watakwenda kwenye droo, watakitoa, na watakitazama upya kwa macho yao.

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Jangwani. Vijana waliokuja kukusanya mbu mtaani kwetu walisema mbu wa malaria wako wa aina kadhaa ingawa wanafanana kabisa. Kama wanafanana kabisa, wanajuaje kwamba ni tofauti?

Jibu: Mama, walichokuambia ni kweli, na kina uhusiano wa moja kwa moja na afya ya watoto wako.

Mbu wa jenasi ya *Anopheles* unaweza kumtambua mwenyewe. Akitua ukutani hunyanyua tumbo juu kama aliyeinama, mabawa yake yana madoa, na kwa jike vile vipapasi viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea damu vina urefu unaolingana na mrija wenyewe. Lakini macho yetu huishia hapo. Kwa miongo mingi jina *Anopheles gambiae*, lililotolewa na Giles mwaka 1902, lilitumika kwa mbu wote wa namna hiyo, huku watafiti wakishangazwa na tabia zao zisizolingana. Wengine walizaliana katika madimbwi ya mvua na wengine katika maji ya chumvi, wengine waling'ang'ania damu ya binadamu na wengine waliridhika na ya ng'ombe. Majaribio ya kuwazalisha maabara, ambayo yalifikia upeo katika miaka ya 1960, yalitoa jibu. Mbu wa kundi moja wakichanganywa na wa kundi jingine walizaa, lakini madume waliozaliwa walikuwa tasa, kama alivyo tasa baghala anayezaliwa na punda na farasi. Viumbe ambao uzao wao wa pamoja haufiki popote ni spishi mbili, hata kama hadubini haiwatofautishi.

Katika ukanda wetu wa pwani wapo *Anopheles gambiae* mwenyewe, *Anopheles arabiensis* na *Anopheles merus*, huyu wa mwisho akiwa ndiye anayestahimili maji ya chumvichumvi. Tangu mwaka 1993 iko njia ya kuwatenganisha kwa vinasaba ambayo haihitaji hata mbu mzima, maana mguu wake mmoja unatosha. Na faida yake, mama, ni hii. Yule anayependa kuuma ndani ya nyumba usiku wa manane hukabiliwa na chandarua na dawa ya ukutani, lakini *arabiensis* huuma pia nje na huweza kupumzika nje, kwa hiyo mtaa wenye mbu wengi wa spishi hiyo unahitaji nguvu kubwa zaidi katika kufukia madimbwi na kutibu mazalia. Vijana wale wakirudi, wafungulie mlango.

Swali: Je, uyoga ni mmea? Tumebishana kijiweni Tandika hadi usiku.

Jibu: Hapana. Uyoga hauna umbijani, ile rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilicho katika ganda la panzi. Mpangilio wa himaya 5 uliotolewa na Robert Whittaker mwaka 1969 uliipa jamii ya kuvu, ambamo uyoga umo, himaya yake yenyewe, na uchunguzi wa vinasaba ukaja kuonyesha kwamba kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Aliyesema ni mmea ameshindwa, lakini amekosea pamoja na Linnaeus mwenyewe, Msweden wa karne ya 18 aliyeuanzisha mfumo huu wa majina ya maneno mawili, ambaye naye aliuweka uyoga kati ya mimea.

Swali: Ndugu Mwalimu, ninauza miche kando ya barabara ya Bagamoyo. Nilichapisha vibao vya majina ya kisayansi kwa gharama kubwa. Mteja mmoja akaniambia kwamba mgunga si *Acacia* tena na ua la Usambara si *Saintpaulia* tena. Kwa nini majina yanayosemwa kuwa ya kudumu yanabadilishwa?

Jibu: Pole kwa gharama, na mteja wako yuko sahihi. Neno la kwanza la jina la kisayansi ni dai la undugu, na dai likionekana kuwa si kweli, neno hilo hubadilishwa.

Ua la Usambara lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*. Vinasaba vilionyesha kwamba jenasi hiyo yote imekaa ndani ya jenasi nyingine kubwa zaidi, *Streptocarpus*, mithili ya chumba ndani ya nyumba, na mwaka 2015 ikaunganishwa nayo. Leo ni *Streptocarpus ionanthus*. Umeona mwisho wa neno la pili ulivyogeuka? Huo ni upatanisho wa kisarufi wa Kilatini, na hautushangazi sisi tunaosema "mti mzuri" lakini "kiti kizuri".

Mgunga una historia chungu zaidi. Ilipothibitika kwamba *Acacia* ya zamani ilikusanya makundi ambayo si ndugu wa karibu, ilibidi ligawanywe, na kundi moja tu libaki na jina. Kwa kanuni, jina lilipaswa kubaki na kundi lenye kielelezo chake, ambacho kilikuwa *Acacia nilotica*, mgunga wa Afrika. Lakini Australia ina spishi zipatazo 1,000 za kundi jingine, na kwenye kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005 iliamuliwa kwamba kielelezo kibadilishwe ili jina liende huko, uamuzi uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga yetu sasa ni *Vachellia* na *Senegalia*. Ninaelewa hoja ya kupunguza usumbufu, lakini kwa maoni yangu Afrika ilinyang'anywa jina lililokuwa lake kwa haki.

Kwa upande mwingine, maana potofu peke yake haibadilishi jina. Mkwaju ni mti wa Afrika, ila Linnaeus aliuita *Tamarindus indica*, "wa India", katika kitabu chake cha mwaka 1753 ambacho ndicho mwanzo rasmi wa majina ya mimea, na hivyo ndivyo utakavyobaki. Mabadiliko yaliyonigusa ni ya Madrid, mwaka 2024. Spishi zaidi ya 200 za mimea, mwani na kuvu zilikuwa na neno *caffra* au mfano wake, lenye asili katika neno la Kiarabu tunalolijua sisi kama "kafiri", ambalo huko Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi kwa mtu mweusi. Kongamano lilipiga kura herufi ya kwanza iondolewe, na *caffra* ikawa *affra*, ya Afrika.

Katika vibao vyako vya baadaye, andika jina la Kiswahili kwa rangi isiyofutika, na la kisayansi kwenye kipande kinachobandulika.

Swali: Mwalimu, babu yangu aliyeko Pugu ana mmea anaoutumia kama dawa na hakuna anayejua jina lake la kitaalamu. Nimewatumia watu picha ya jani kwa simu, kila mmoja amenipa jina lake. Nifanye nini?

Jibu: Picha ya jani peke yake haitoshi, kwa sababu mimea hupangwa zaidi kwa maua na matunda yake, na majani ya mimea isiyo na undugu hufanana sana. Kati ya mwaka 1952 na 2012 wataalamu walikamilisha uorodheshaji wa mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda wakapata zaidi ya spishi 12,000. Jani moja katika idadi hiyo ni mtu mmoja asiye na uso katika mkutano wa hadhara.

Msubiri babu mpaka mmea utoe maua. Mwombe ruhusa, kisha ukate tawi lenye urefu wa kiganja na nusu, lenye majani, maua, na tunda kama lipo. Litandaze ndani ya gazeti pale pale ulipolikata kabla halijanyauka, ukigeuza jani moja ili upande wa chini uonekane, kwa maana vinyweleo na mishipa ya chini mara nyingi ndivyo vinavyoamua. Libane kati ya mbao mbili kwa kamba au kwa vitabu vizito. Kwa unyevu wa hapa Dar es Salaam badilisha gazeti kila siku mpaka tawi likauke kabisa, la sivyo litaota ukungu. Likiwa tayari, lipeleke kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako litalinganishwa na sampuli zilizokwisha kutambuliwa.

Ambatanisha karatasi yenye tarehe, mahali hasa mmea ulipoota, kimo chake, rangi ya ua na ya utomvu, ambazo hupotea mmea ukikauka, harufu ya jani ukilifikicha, pamoja na jina analolitumia babu na lugha ya jina hilo. Yote hayo yaandike kwa penseli, kwa sababu wino huchuja karatasi ikiloa.